Kopo la Mbegu kutoka Ndola

Nchelenge, 6 Juni 1999

Yaya Zéphirin, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimia wewe na Mama hapo Ndola, na salamu za Mama ziwe nyingi kuliko zako. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Misheck anakohoa lakini kinywa chake bado kina nguvu za kunigombeza, basi hajaugua. Mimi jino linaniuma tangu Pasaka na sina nafasi ya kuliugulia.

Msomee Mama pole pole, maana najua ukisoma barua unakimbia kama mwenye kufukuzwa. Mwambie Guylain amefika. Mtoto wake wa mwisho yuko hai. Alivuka ziwa na wenzake mwezi wa tatu kutoka upande wa Pweto, wakikimbia vita vya Kongo, wakashukia Chienge, akatembea kwa miguu kupitia Mununga mpaka mlangoni kwangu. Askari waliwapiga risasi wakiwa bado karibu na ufuko. Mwenzake aliyekaa naye kwenye mtumbwi alipigwa shingoni, na Guylain alimshika damu ikimtoka mpaka wakafika upande huu. Alipofika kwangu shati lilikuwa limekauka kwa damu, nikalikata kwa kisu ili limtoke mwilini. Hayo usimsomee Mama. Mwambie tu amekonda.

Sasa anapewa chakula cha msaada pamoja na wakimbizi wengine, mahindi ya njano. Hayapendi. Anayabadilisha kwa dagaa wa chisense pale ufukoni, na wavuvi wanamcheka jinsi anavyopatana bei.

Habari ya shamba ni nzuri. Ile mbegu uliyotutumia na Patson wa lori, katika kopo la maziwa, Novemba ya mwaka 1997, imenifanya mwanamke mwenye jina. Mwaka wa kwanza funza hawakuigusa. Majirani waliona mabua yao yameliwa na yangu yamesimama. Basi wanawake walipokuja kunisaidia kupukuchua, tulitia mahindi ndani ya magunia, tukafunga midomo, tukayapiga kwa mipini kama kawaida, na jioni nikampa kila mmoja mkono wake wa mbegu, konzi moja ya kupanda. Unajua desturi yetu. Mwanamke amepiga gunia lako mchana kutwa, utamnyimaje mbegu?

Mwaka huu punje za njano zilijitokeza katika magunzi meupe, moja hapa, mbili pale, hata kwa majirani. Kampuni yenu inayonunua mahindi yetu inataka nyeupe tupu, basi tulikaa wiki nzima tukizichambua kwa vidole, tukazikaanga tukazila. Magunia tuliyoleta kwenye ghala lenu la hapa ni meupe kama meno ya mtoto. Misheck bado anaamini mbegu ile niliinunua Mwansabombwe. Sikumwambia, kama ulivyoniagiza, na pia kwa sababu akisikia kitu kimetoka kwa shemeji kiburi kinampanda.

Mwambie Mama Guylain anamuuliza kila siku.

Mdogo wako,
Angèle


Ndola, 29 Agosti 1999

Mdogo wangu Angèle,

Natumaini mnaendelea vizuri. Sisi hapa hatujambo kwa neema ya Mungu, isipokuwa presha ya Mama ilipanda mwezi uliopita na daktari amemwongezea vidonge. Alifurahi sana kwa habari ya Guylain. Aliimba siku nzima, majirani wakauliza tuna harusi gani. Anauliza kama amepata viatu.

Nisamehe kuchelewa. Kazini kumekuwa na matatizo, nami nitakueleza kwa kifupi.

Mahindi ya huko kwenu yamerudishwa. Yote. Mnunuzi wa Ulaya alikuwa ameahidiwa mahindi ya asili kwa uji wa watoto, yasiyo hata na punje moja ya ile mbegu ya kisasa ambayo wataalamu huitengeneza ili funza wasiile. Waliyasaga, wakatia unga katika mashine, na mashine ikaikuta. Ni kidogo sana, haifiki punje moja katika mia mbili. Lakini kwao kidogo ni sawa na nyingi. Kuchambua kwenu kwa vidole hakukusaidia, kwa sababu mashine haiangalii rangi. Katika msimu wa pili hata punje nyeupe huwa imebeba kitu kile ndani yake.

Patron mwenye kampuni alikumbuka kwamba miaka miwili iliyopita mchuuzi mmoja alituachia pakiti ya sampuli za mbegu hiyo, na kwamba aliamuru ichomwe. Karatasi ya kuthibitisha kuchomwa ina sahihi mbili: yangu na ya Kafula, mlinzi wetu, ambaye hajui kusoma. Walimwita Kafula peke yake. Watu wa patron walimlaza nyuma ya ghala wakampiga nyayo kwa waya mpaka ngozi ikaachia. Nilikuwa ofisini, dirisha lilikuwa wazi. Alipiga kelele kwamba aliichoma pakiti aliyopewa. Ni kweli, aliichoma. Mimi ndiye niliyejua kwamba haikuwa imejaa.

Niliagizwa kuandika ripoti kwa wakulima. Nimeandika kwamba chanzo cha uchafuzi huenda ni mahindi ya njano ya msaada yanayogawiwa wakimbizi. Zingatia kwamba nimeandika "huenda".

Barua yako ya Juni nimeichoma. Nawe chukua ile niliyokuandikia nilipotuma kopo, uichome leo, kabla hujapika. Jambo hili tusiliandike tena.

Mama anakusalimu.

Kaka yako mpendwa,
Zéphirin


Nchelenge, 19 Septemba 1999

Yaya,

Mimi nakusalimia, na Mama mwambie viatu amepata, vya mpira.

Barua yako ya kopo nimeichoma. Ulisema kabla sijapika, nami ni mdogo wako, nilifanya kama nilivyoambiwa. Niliitia motoni ndipo nikakaa kusoma tena hii ya Agosti tangu mwanzo, na nilipofika kwenye ripoti nilitia mkono katika makaa kuitafuta. Nimeungua vidole viwili. Hakikubaki kitu.

Ripoti yako ilifika kabla ya barua yako. Goodson, mwenyekiti wa wakulima, aliisoma mbele ya ghala, watu wote wa ufuko huu wakiwa wamesimama juani. Alisoma mara mbili. Lile "huenda" lako, Yaya, sikulisikia hata mara moja. Goodson analo shamba kubwa kuliko yote na mwaka huu alikuwa aezeke nyumba kwa bati. Alipomaliza kusoma alichukua panga akapasua gunia lake la kwanza, na la pili, na wengine wakaanza kupasua ya kwao. Walimwaga petroli ya mashua juu ya mahindi. Watu wazima walilia mbele ya ule moto.

Kutoka pale walikwenda moja kwa moja kwa wakimbizi pale ufukoni. Walibomoa vibanda kumi na kitu. Mwanamke mmoja alikumbatia mfuko wake wa mahindi ya njano hakutaka kuuachia, wakampiga mpini wa jembe mkononi, nikasikia mfupa kwa masikio yangu. Chakula chote walikitupa ziwani. Watoto walikuwa wakiingia majini kuokota punje.

Ninachokuambia sasa ukisikie vizuri. Wakimbizi walianza kufika mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu mahindi yetu yalikuwa yamekwisha kuzaa, yanakauka. Mtu yeyote aliyewahi kushika jembe anajua mahindi ya msaada hayakuweza kufanya lolote. Nilimwambia Misheck hivyo. Akasema, "Sasa wewe, kwa nini unahesabu miezi?" Nikarudi jikoni.

Guylain wanamjua wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akitembea na yale mahindi akiyabadilisha kwa samaki. Mtoto wa Goodson alimtupia jiwe jana. Lilimpata kwenye paji la uso, amefungwa kitambaa.

Nataka kitu kimoja tu. Andika mstari mmoja, utie na muhuri wa ghala: kwamba ni wewe uliyetuma mbegu, mwaka fulani, mwezi fulani, na Guylain hakuwapo. Mstari mmoja. Nikisema mimi kwa kinywa watasema dada anamtetea mdogo wake, na Wakongomani ni waongo. Karatasi ya kampuni wataiamini, kwa sababu ni karatasi ya kampuni iliyowaingiza katika hasira hii.

Angèle


Ndola, 10 Oktoba 1999

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa Mama, ambaye siku hizi analala vizuri. Nimemsomea sehemu ya barua yako. Natuma kitenge na sabuni.

Nimefikiri sana kuhusu ombi lako. Nakuomba nawe ufikiri. Nikiandika mstari huo, patron atakuwa nao mezani kabla ya wiki kwisha. Kafula mpaka leo anatembea kwa magoti, na yeye hakufanya kitu. Mimi watanifanya nini? Nikiondoka kazini, nani atamnunulia Mama vidonge? Tena wakulima walitia sahihi kwamba hawatapanda mbegu isiyo ya kampuni. Wewe ulipanda. Je, ukitaja mbegu, Misheck atakuacha na meno?

Njia bora ni Guylain aondoke. Nasikia kuna kambi ya wakimbizi Mwange, upande wa Mporokoso. Aende huko, akae salama, na hasira zitapoa mvua zikianza. Watu wakianza kulima husahau.

Sikutuma mbegu ile kwa ubaya. Ulikuwa umeandika kwamba funza wamekumalizia shamba na kwamba mnakula mihogo mara moja kwa siku. Niliona pakiti inakwenda motoni, nikajaza kopo. Ungekuwa mimi ungefanya vivyo hivyo.

Kaka yako,
Zéphirin


Nchelenge, 24 Oktoba 1999

Yaya Zéphirin,

Kitenge nimekipokea, asante. Nimekipasua nusu, nimemfungia Guylain mkono.

Alikubali kwenda Mwange. Alipanda gari la samaki Jumatatu asubuhi, mimi nimemfungia ugali wa bukari na samaki. Hawakufika mbali. Goodson na wenzake waliweka gogo barabarani wakamteremsha. "Muko nampeleka wapi huyu?" Goodson alimwuliza dereva. "Mutu anatuchomea mwaka muzima, kisha anaenda kukaa muzuri?" Dereva alishuka akakaa pembeni akivuta sigara.

Walimrudisha mpaka ghalani. Walimkalisha chini, wakaleta mahindi ya njano mabichi, wakamwambia ayale, punje kwa punje, na kila alipotapika walianza upya. Kisha Goodson akasema mkono wa kulia ndio unaopanda. Waliuweka juu ya kinu cha kutwangia. Sitakuandikia zaidi. Vidole vitatu havitafanya kazi tena. Felistus, nesi jirani yangu, aliunganisha alichoweza.

Misheck alikuwa pale. Hakumpiga. Alisimama mikono nyuma kama mtu aliyekuja kuangalia mpira. Guylain alimwita kama shemeji, "Mulamu, saidia mimi," na Misheck aliangalia ziwa. Aliporudi nyumbani sikumpikia, akanipiga kwa hilo, na nilipoanguka nilimwambia nipige tena, kuna kingine unachotakiwa kunipigia. Aliacha. Nadhani anajua, Yaya. Nadhani anaogopa kuambiwa.

Nami nitakuambia ninachokiona nikijiangalia. Kila asubuhi nasema leo nitasema. Nachota maji, nawasha moto, naona lile kopo lako juu ya rafu ambamo natia chumvi, na jioni inafika sijasema. Namwogopa mume wangu. Nakuogopea wewe. Katikati ya hofu zangu mbili amelala Guylain, anauliza Mama amepika nini leo.

Sasa sikiliza. Jana nilikwenda kwa Goodson mwenyewe nikapiga magoti. Nilimwambia, "Mukwai, bwana, iko karatasi. Karatasi ya kampuni itasema yote, mahindi yalitoka wapi." Akasema, "Lete karatasi. Jumamosi tarehe sita Novemba tuko na mukutano. Ukileta karatasi, mimi Goodson nitamuomba huyu kijana musamaha mbele ya batu bote. Usipoleta, tutamaliza maneno." Hivi ndivyo alivyosema. Si mtu mwongo, ni mtu aliyechanganyikiwa kwa hasira.

Patson analeta barua hii kwa mkono. Atakaa Ndola siku nzima akikusubiri. Mstari mmoja, Yaya. Guylain hajui kwamba ni wewe. Anakuita "Yaya wa Ndola" na kuwaambia watu kwamba kaka yake ni mtu mkubwa wa ofisi na atalitengeneza jambo hili.

Angèle


Ndola, 3 Novemba 1999

Mpendwa Angèle,

Mama hajambo. Namrudisha Patson na kifurushi. Kimefungwa vizuri, usikifungue njiani. Tuko pamoja katika sala.

Zéphirin


Nchelenge, 21 Novemba 1999

Mama yangu,

Barua hii si ya Zéphirin, ingawa yeye aketi asikilize. Nimempa Felistus, ambaye anakuja Ndola kwa semina ya manesi, naye ameniahidi kukusomea neno kwa neno, hata yale ambayo kaka yangu huruka. Mama, kaa chini kwanza. Guylain amekufa. Tulimzika tarehe nane.

Jumamosi ile watu walijaa ghalani. Lori la Patson lilifika saa nne asubuhi, nikalikimbilia. Nilikuwa nimewaambia wote karatasi inakuja. Kifurushi kilikuwa laini mkononi lakini nilijiambia karatasi imewekwa katikati ili isikunjwe. Kwa ujinga wangu nilikifungua pale pale, mbele ya Goodson, mbele ya wote, ili waione ikitoka. Ilitoka sukari. Ikatoka sabuni. Likatoka shati jipya la Guylain, la mikono mirefu, bado lina pini za dukani. Nililikung'uta shati lile. Niligeuza mifuko yake. Nilipasua kola. Watu walianza kucheka.

Hapo ndipo nilisema, Mama. Nilisema kwa sauti yangu yote, "Ni kaka yangu wa Ndola alituma mbegu! Ni mimi nilipanda!" Goodson akasema, "Kila Mukongomani iko na kaka Ndola." Misheck alinikamata akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Nilimng'ata mpaka nikakutana na mfupa, hakuachia.

Guylain hakukimbia. Alikuwa ameketi juu ya magogo na mkono wake uliofungwa, akinitazama mimi, si wao. Nadhani alikuwa amenisikia. Alisema, "Yaya Angèle, ni kweli?" tu hivyo, kama mtu anayeuliza kama chakula kiko tayari.

Mama, unajua tunavyopukuchua huku. Walimtia ndani ya gunia la kampuni, lile kubwa. Wakafunga mdomo. Wakachukua mipini.

Walikuwa wanaume tisa, nawajua wote, watoto wao nimewabeba mgongoni. Waliosimama walihesabu mapigo kwa sauti kama tunavyohesabu tukifanya kazi. Mwanzo aliita jina lako, kisha jina langu. Kisha hakuita. Hawakuacha pale alipokoma kuita. Waliacha walipochoka.

Olipa, mke wa Goodson, alifika wakati ule akitoka mtoni. Aliona gunia na damu inayotoka chini yake, aliniona mimi na mkono wa Misheck kinywani mwangu. Alimsogelea mume wake, akamwambia mbele ya wote, kwa Kibemba kwanza, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Mbegu ni Angèle alinipa. Mwaka jana, nilipiga gunia yake, akanipa mukono yangu. Nilipanda mu shamba yako, Goodson. Mu shamba yako mwenyewe. Iko ingine nyumbani, nimeitundika juu ya moshi." Na mwanamke mwingine akasema, mimi pia. Na mwingine. Walikuwa saba. Wote walijua tangu siku ya ripoti, Mama, kila mmoja amekaa na mbegu yake juu ya jiko akiogopa mume wake, kama mimi.

Goodson alikaa chini barabarani. Baadaye aliinuka akaenda mwenyewe polisi na mpini mkononi. Kabla hajaenda aliniuliza, "Kwa nini haukusema mbele ya leo?"

Siku ya mazishi Olipa alileta mbegu yake imefungwa katika ncha ya kitenge, akaimwaga mlangoni pangu. Wengine wakafuata. Sikuifagia. Kuku wamekula.

Misheck amekwenda kwao Mwansabombwe, mkono umemvimba. Simtaki arudi. Shati nimemzika nalo Guylain, kola nimeishona tena kwanza.

Zéphirin, najua unasikiliza. Uliogopa kunyang'anywa kazi. Nami niliogopa kunyang'anywa wewe, nikanyamaza miezi miwili, na kwa kunyamaza huko nilichagua kaka mmoja kati ya wawili. Nilichagua vibaya. Nakuambia mbele ya Mama ili asikie.

Binti yako,
Angèle


Ndola, 5 Desemba 1999

Angèle,

Mama amenikataza kuanza na salamu. Amesema niandike maneno yake kama yanavyomtoka, na Felistus ameketi karibu nami anasoma kila mstari ninaomaliza. Haya ni yake:

"Angèle, mutoto yangu. Nimesikia yote. Nilimuuliza huyu mwenye kuandika: ni kweli? Akasema, Mama, ilikuwa juu ya dawa yako. Juu ya dawa yangu! Nilisimama, nikachukua vidonge vyote, nikamwaga mu chooni, naye anaangalia. Nikamwambia, sasa sababu yako imekwisha. Sema ingine.

"Alinisomea barua zako miezi yote. Kila mara alikuwa anasema Guylain anakusalimia, Guylain ananenepa. Nilikuwa nacheka. Mutoto wangu wanamuvunja vidole, na mimi niko hapa nacheka.

"Tulienda kwa Kafula, mimi na yeye. Nilimpigisha magoti mbele ya miguu ya ule mutu. Kafula alimutemea mate. Nikamwambia Kafula, asante.

"Tunakuja na lori ya Patson. Huyu atakuja. Kazi ameacha, nilimwambia aache. Atalala pa mukeka ya Guylain. Kila nyumba yenye ulipeleka mbegu, atapita, atasema na kinywa yake. Wakitaka kumupiga, bamupige. Mimi nitakuwa nimesimama pale, sitaziba macho.

"Na wewe, usifikiri nimekusamehe. Kaka alikuambia choma, ukachoma. Kwa nini? Tutaongea tukifika. Lakini usilale njaa, na ile jino, enda bakungoe.

"Sasa nimemwambia aandike ile mustari yenye ulimuomba. Nataka nione mukono wake unaandika."

Mimi, Zéphirin, karani wa ghala, ndiye niliyetuma mbegu ile Nchelenge katika kopo la maziwa, Novemba 1997. Ndugu yangu Guylain hakuwapo wala hakujua.

Mama ameuliza kama nimemaliza. Nikamwambia ndiyo. Ameuliza, "Ni ile tu, mustari moja?"

Nimemjibu, ndiyo Mama, ni hiyo tu.

Zéphirin